Yungiyungi Linalotambaa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Choa na Tiba ya Siddha

Kuhusu kisa hiki

Nilikuwa mwanafunzi wa famasia kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, nilipopewa ruhusa ya kukaa miezi kadhaa kwenye chumba cha tiba ya Siddha cha kituo kimoja cha afya cha serikali. Mgonjwa ninayemweleza hapa aliridhia kisa chake kitumike kufundishia. Jina, kijiji, tarehe na chochote kinachoweza kumtambulisha nimeviacha. Dozi nazo sikuziandika, kwa makusudi, maana haya si maelekezo ya mtu kujitibu.

Nimekiandika kwa Kiswahili kwa sababu krimu iliyoanzisha balaa lote la kisa hiki nimezikuta ndugu zake kwenye maduka ya dawa ya kwetu, zinauzwa bila mnunuzi kuulizwa swali hata moja. Na kwa sababu makosa yaliyofanyika kule, likiwemo langu, sidhani kama ni ya Watamil peke yao.

Mahali, na tiba yenyewe

Siddha ni tiba ya Watamil. Masimulizi yao huirudisha kwa wahenga 18 waitwao masiddha, kiongozi wao akiwa Agathiyar, na elimu yake ilihifadhiwa kwa mashairi ya Kitamil yaliyochorwa juu ya majani ya mvumo. Leo si tiba ya uchochoroni. Daktari wa Siddha husomea shahada ya miaka mitano na nusu, ndani yake ukiwemo mwaka mmoja wa mazoezi ya hospitali. Taasisi ya taifa ya Siddha iko Tambaram, pembezoni mwa Chennai, na ilifunguliwa mwaka 2005. Vituo vingi vya afya vya serikali katika jimbo hilo vina chumba cha Siddha ukuta mmoja na chumba cha daktari wa kawaida. Mgonjwa anachagua mlango, na dawa ni bure kote kuwili.

Kwa mtazamo wao mwili unaendeshwa na nguvu tatu: vatham, ambayo ni upepo, azhal, moto, na iyam, ute au ubaridi. Zikipishana, ugonjwa huingia. Choa wanakiita padarthamarai. Thamarai ni yungiyungi, na padar ni kutambaa. Ukiona duara linalotanuka kiunoni mwa mtu, ukingo wake ukiwa umeinuka na katikati pakiwa pametulia, utaelewa mara moja kwa nini waliifananisha na jani la yungiyungi linaloenea juu ya bwawa.

Mgonjwa, na miezi kumi kabla hajafika

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpandikizaji wa miche ya mpunga kwa kibarua. Aliishi na mumewe, dereva wa lori, mama mkwe wake, na mtoto wa kiume wa miaka minne. Alikuwa amekwishafunga kizazi.

Kazi yake ni ya majini. Mwanamke huinama kwenye tope tangu asubuhi, sari imepandishwa juu, gagulo limelowa. Sari yenyewe haina kifungo. Mikunjo yake yote huchomekwa ndani ya kamba ya gagulo, na ili isidondoke kamba hiyo hukazwa mpaka inaacha alama kwenye ngozi. Choa chake kilianzia hapohapo, juu ya alama ya kamba, wakati wa mvua za kaskazini-mashariki ambazo huko hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba na nguo hazikauki.

Mama mkwe alimpaka manjano yaliyosagwa na majani ya mwarobaini. Kuwashwa kukapungua kidogo, kisha kukarudi. Ndipo akaenda duka la dawa akapewa mrija wa krimu ya mchanganyiko: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na steroidi kali, zote ndani ya mrija mmoja. Usiku wa tatu alilala bila kujikuna. Akaacha kupaka. Baada ya wiki kikarudi kikiwa kipana zaidi. Akanunua mrija wa pili.

Mchezo huo uliendelea miezi minane. Katikati yake alikwenda kliniki ya binafsi akaandikiwa vidonge vya tabinafini, dawa ya fangasi, vya wiki mbili, akavimaliza vyote, na hakuona tofauti ya maana. Alipofika kwetu choa kilikuwa kimeshuka kwenye nyonga na makalio na kimepanda hadi chini ya matiti.

Siku ya kwanza

Daktari wetu wa Siddha alikuwa mwanamke wa makamo. Kule daktari wa kike huitwa *amma*, yaani mama, naye humwita mgonjwa mtu mzima *amma* vilevile. Nilipenda kuwasikia wanawake wawili wakiitana mama juu ya meza moja.

Siddha ina vipimo vinane: ulimi, rangi, sauti, macho, haja kubwa, mkojo, mapigo na mguso. Havifanywi kwa haraka. Kipimo cha mkojo kilinivutia kuliko vyote. Mgonjwa huagizwa kuja na mkojo wa alfajiri. Humiminwa kwenye bakuli la kioo, likawekwa mahali penye mwanga pasipo upepo, kisha tone moja la mafuta ya ufuta likaangushwa juu yake kwa kijiti. Hapo hakuna anayesema. Tone likijinyoosha kama nyoka, ni vatham. Likifunguka kama pete, azhal. Likikaa kama lulu, iyam. Alipouleta mkojo kesho yake, tone la mama huyu lilisita kidogo, kisha likafunguka taratibu likawa pete. Daktari akaandika: azhal imezidi.

Lakini mambo makubwa yalitokea kwenye kipimo cha nane, cha mguso, siku ileile ya kwanza. Daktari alikuwa amemuuliza mwanzoni anapaka nini, akajibiwa, “Manjano tu, amma.” Alipolegeza kamba ya gagulo na kupitisha vidole juu ya nyonga, akasimama. Ngozi ilikuwa nyembamba, inang'aa, ina michirizi ya zambarau kama ya mama aliyejifungua, mahali ambapo uzazi hauachi michirizi. Hakumkemea. Aliiacha mikono yake palepale akasema kwa upole, “Amma, manjano hayafanyi hivi.” Yule mama akainama, akafungua kibegi chake cha plastiki, akatoa mrija uliokunjwakunjwa mpaka shingoni kama dawa ya meno inayoishia.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha krimu siku hiyohiyo. Steroidi huzima wekundu na kuwasha kwa kuilaza kinga ya ngozi, na fangasi akikosa wa kumzuia hustawi. Mgonjwa huona amepona kumbe anamlisha. Zaidi ya hapo, ukingo wa duara hufifia, na choa kinapoteza sura yake hata mtaalamu hukikosea. Daktari alimwambia waziwazi kwamba atawashwa kuliko zamani kwa wiki moja au mbili, na kwamba hiyo si ishara ya dawa kushindwa.

Wa pili ulikuwa kukwangua magamba kwa makali ya kiwembe kwenye ukingo na kuyapeleka maabara upande wa pili wa ukuta. Fundi maabara aliyezoea slaidi za malaria na makohozi alitia tone la potasiamu haidroksaidi, akasubiri, akaniita nichungulie. Nyuzi zilizogawanyika vipandevipande zilikuwa zimepita katikati ya seli kama mizizi kwenye ukuta wa zamani. Fangasi alithibitishwa. Nilishangaa kwamba daktari wa tiba ya jadi ndiye aliyedai kipimo ambacho kliniki ya binafsi haikukiomba.

Wa tatu, kumsafisha tumbo mara moja kwa mafuta ya nyonyo. Hii ni kawaida ya Siddha kabla ya tiba ya ngozi, ili kuzishusha nguvu zilizopanda.

Wa nne, dawa ya kupaka: marhamu ya seemai agathi. Ni kichaka chenye majani mapana na maua ya njano yaliyosimama wima kama mishumaa. Hata pwani yetu kimepandwa mabarazani kama ua. Kituoni marhamu ilikuja kwenye kopo, lakini daktari alitaka nijue inakotoka, akanisagisha majani mabichi juu ya jiwe. Yanatoa maji ya kijani yanayogeuka hudhurungi mikononi, na harufu inabaki kuchani mpaka jioni. Pamoja na marhamu, alitakiwa aoge kwa maji yaliyochemshwa na mwarobaini, ajikaushe barabara, na abadilishe gagulo akirudi shambani.

Wa tano, unga wa kunywa wa parangipattai, mzizi wa mtambaazi wa jamii ya Smilax, kwa siku 48. Muda huo wanauita mandalam.

Wa sita, pathiyam, miiko ya chakula. Bilinganya, samaki wakavu, kamba, kaa na kuku vyote vilikatazwa kwa muda wa dawa.

Uamuzi wa saba ni wa kitu ambacho hakikutolewa. Siddha ina dawa nyingi za madini, zikiwemo za salfa, zebaki na aseniki, ambazo hupitishwa kwanza kwenye hatua ndefu za kusafishwa. Nilimuuliza kwa nini hampi za salfa na zebaki ilhali vitabu vyake vinazitaja kwa magonjwa ya ngozi. Akanijibu kwamba ugonjwa uko juu ya ngozi, mgonjwa bado anatoka na kuingia shambani, na kituo hakina kipimo cha kufuatilia figo zake. Kwa nini amwingize hatarini?

Siku ya kumi hadi siku ya 48

Siku ya kumi alikuja analia. Ngozi ilikuwa imewaka nyekundu, maduara yote yamejitokeza upya kama yaliyochorwa kwa kalamu, na usiku hakulala. Mumewe alikuwa amemwambia aachane na majani arudi kwenye mrija. Daktari hakuongeza dawa kali. Alipunguza marhamu, akampa mafuta ya arugampul, ambao ni ukoka wetu huuhuu, apake sehemu zilizowaka, kisha akamkumbusha alichomwambia siku ya kwanza. Yule mama aliniangalia mimi mgeni, kama anayetafuta shahidi. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, niliyasikia.

Alivumilia. Kufikia wiki ya nne kuwashwa kulikuwa kumetulia na kingo zimeanza kulala. Siku ya 48 makalio na chini ya matiti palikuwa safi, yamebaki mabaka meusi tu. Kiunoni, chini ya kamba, palikuwa nusu kwa nusu. Tulifurahi. Nakumbuka niliandika kwenye daftari langu “anaendelea kupona” na kuipigia mstari.

Kurudi kwa choa

Wiki tatu baadaye alirudi na maduara mapya kumi na kitu, mengine mahali ambapo hapakuwahi kuwa na choa. Safari hii alikuja na mtoto kwa sababu mama mkwe alikuwa na safari. Mtoto alikaa kwenye benchi akichezea kamba ya mlango. Alipogeuka, nikaona shavuni mwake duara la ukubwa wa sarafu.

Daktari naye aliliona. Aliweka kalamu chini akauliza swali ambalo hatukuwa tumeliuliza kwa wiki zote zile: “Nani mwingine nyumbani anajikuna?”

Mama akanyamaza kitambo. Kisha akasema mumewe anajikuna, usiku, sehemu za siri, tangu kabla ya mvua. Yaani kabla yake yeye.

Ziara ya nyumbani

Muuguzi wa kijiji alikwenda, nami nikaongozana naye. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na baraza. Ndani kulikuwa na kamba moja ya kuanikia, imetoka kwenye msumari wa mlango hadi kwenye nguzo, na juu yake nguo za watu wote zimepandana zikiwa na unyevu: gagulo, nguo ya kiunoni ya mume, kaptura ya mtoto. Taulo ilikuwa moja, ile nyembamba ya pamba ambayo wanaume wa Kitamil huitupia begani. Mume huishika akiendesha, hujifutia jasho, akirudi huoga na kujifutia, na baada yake hujifutia wengine.

Nyuma ya picha ya mungu wao Murugan, ukutani, muuguzi alikuta mirija miwili ya krimu ileile. Mmoja ulikuwa mpya.

Mume alikuwepo. Alikuwa mtu mpole, na alikuwa na aibu kubwa. Alisema alijua kwamba anahitaji tiba, ila alisikia mkewe ameambiwa asile samaki wakavu wala kuku kwa siku 48. Yeye hula barabarani, mezani kwa watu, anachokikuta. “Nikija mtaniandikia njaa,” alisema. Basi akaendelea na mrija, na mke alipozidiwa na kuwashwa mara mbili tatu alichovya kidole kidogo kwenye mrija huohuo. Hakutuambia kwa kuwa hakutaka kumuumiza amma.

Mwisho wa kisa

Daktari wa Siddha aliandika barua ya rufaa kwa mtaalamu wa ngozi wa hospitali kubwa ya serikali ya wilaya. Kwa wengine huu ungekuwa ushinde. Yeye aliiandika barua hiyo kwa mkono wake, kurasa mbili, akieleza krimu, tabinafini iliyoshindwa, slaidi, na kila alichompa mgonjwa.

Mtaalamu aliwaanzishia mke na mume vidonge vya itrakonazoli, dawa nyingine ya fangasi, baada ya kupima ini, na akamwandikia mtoto krimu ya fangasi isiyo na steroidi. Aliomba unga wa parangipattai usimamishwe wakati wa vidonge, kwa sababu hakuna aliyejua vizuri unavyochanganyika navyo. Marhamu ya seemai agathi aliiruhusu iendelee. Miiko ya chakula iliondolewa yote. Kila mtu akapata taulo yake, na kamba ya pili ikafungwa nje juani.

Baada ya wiki nane ngozi za wote watatu zilikuwa safi na slaidi ya mama haikuonyesha nyuzi. Dawa ziliendelezwa wiki mbili zaidi. Mabaka meusi yalififia polepole. Michirizi ilibaki, na haitaondoka kabisa. Kabla sijaondoka, mume alipata duara moja dogo pajani, akaja mwenyewe siku ya tatu badala ya kwenda dukani, likatibika kwa kupaka tu.

Uchambuzi: kilichosaidia

Nikitakiwa kutaja tendo moja lililogeuza kisa, nitataja kuachishwa krimu. Tabia hii ya choa sugu kilicholelewa na steroidi imeisumbua India nzima kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Mwaka 2018 serikali ya nchi hiyo iliziweka krimu kadhaa za steroidi kwenye orodha ya dawa zisizouzwa bila cheti cha daktari, na bado mama huyu alinunua mrija baada ya mrija. Lakini kuachisha peke yake kusingetosha. Kilichomshikilia siku ya kumi ni onyo alilopewa siku ya kwanza. Daktari aliyenyamaza angempoteza mgonjwa wiki hiyo.

Kuhusu jani lenyewe, sioni sababu ya kulidharau. Seemai agathi ina kemikali za jamii ya anthrakinoni, kama kraisofanoli, reini na emodini, na maabara nyingi zimeonyesha zinazuia fangasi wa ngozi. Si jambo geni: katika karne ya 19 unga uliopitia Goa, uliotoka kwenye mti wa Brazil wenye kemikali za ukoo huohuo, ulitumika sana duniani kwa choa. Ufilipino, wizara ya afya imeuweka mmea huu kwenye orodha yake ya mimea kumi ya tiba, kwa kazi hiyohiyo. Katika kisa chetu ulisafisha sehemu pana zilizo wazi na kushindwa chini ya kamba. Ndivyo ningetegemea kwa dawa ya kupaka inayopambana na choa kilichoenea na kuzama kwenye vinyweleo. Kwa choa kidogo kipya ingeweza kutosha. Kwa hiki, hapana.

Kuna pia uwezekano mkubwa kwamba fangasi wake alikuwa sugu kwa tabinafini. Aina iliyopewa jina Trichophyton indotineae mwaka 2020 na watafiti wa Japani imeenea India na kuvuka mipaka yake. Tabinafini hufanya kazi kwa kukifunga kimeng'enya ambacho fangasi anakihitaji kutengeneza utando wa seli zake, na aina hii mara nyingi kimeng'enya hicho kimebadilika, dawa haikishiki tena. Hatukumwotesha fangasi wa mama huyu maabara, kwa hiyo sitasema ndiye. Ila mtu aliyemaliza vidonge bila nafuu asipewe vilevile tena kwa matumaini.

Na nakipongeza kipimo cha mguso. Tone la mafuta halikugundua fangasi. Slaidi ndiyo iliyomgundua. Lakini ule utaratibu wa vipimo vinane uliwalazimisha watu wawili kukaa pamoja nusu saa, na vidole vikasoma kwenye ngozi kile ambacho mdomo ulikuwa umekificha. Kwenye ile kliniki ya binafsi, kwa maelezo ya mgonjwa, hakuna aliyemgusa.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kumsafisha tumbo sikuona kulikoongeza. Kulimnyima kibarua cha siku moja, basi.

Miiko ya chakula ina hesabu ngumu zaidi. Sijaona ushahidi kwamba bilinganya au kamba huchochea choa. Naelewa faida yake: iliifanya tiba iwe kitu anachokikumbuka kila anapokaa kula, na nadhani ilichangia uvumilivu wake wa siku zile mbaya. Lakini mwiko uleule uliomfunga mke kwenye tiba ulimfungia mume mlango. Samaki wakavu na kuku ndicho chakula chake cha barabarani. Alikadiria gharama akaona hawezi, na hakuna aliyekuwepo kumwambia kwamba kwake miiko ingeweza kulegezwa. Chanzo cha choa cha nyumba kikabaki nje ya tiba kwa sababu ya samaki wakavu na kuku.

Kosa zito kuliko yote ni letu sote. Vipimo vinane, vyote, vinautazama mwili mmoja. Kliniki ya binafsi nayo ilitazama mwili mmoja. Mimi niliyefundishwa kwamba fangasi huyu hupita kwenye taulo, shuka na nguo nilikaa wiki 10 chumbani nikiandika ulimi na mapigo ya mgonjwa, na sikuuliza nyumbani kuna taulo ngapi. Kama shavu la mtoto lisingegeuka upande wa mlango, sijui tungeendelea kumsagia majani mpaka lini.

Kuhusu dawa za madini, uamuzi wa kutozitumia nauona sahihi, na ningependa usomwe na kila anayeagiza dawa za India mtandaoni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda, tiba ndugu ya Siddha, zilizouzwa kwenye intaneti, na karibu moja katika kila tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Daktari aliyesomea madini hayo miaka mitano aliona choa hakistahili hatari hiyo. Muuzaji wa mtandaoni hamwoni mgonjwa wala figo zake.

Kilichobadilika chumbani

Kabla sijamaliza muda wangu daktari alifanya mambo matatu. Kwenye daftari la wagonjwa wa ngozi aliongeza safu kwa rula na kalamu nyekundu, akaiandika kwa Kitamil: watu wa nyumbani, taulo, kamba ya nguo. Kwa wagonjwa wa choa aliacha kutoa orodha nzima ya miiko, hasa kwa madereva na vibarua wanaokula nje. Na alipatana na mtaalamu wa ngozi wa wilaya kwamba choa chochote kilichopakwa steroidi zaidi ya mwezi kipelekwe kwake mapema, kabla ya mandalam kwisha.

Wiki yangu ya mwisho alikuja kijana wa gereji na duara moja mkononi. Daktari alimshika kiganja, akatazama ulimi, akasikiliza mapigo. Halafu, kabla hajagusa kopo la marhamu, akamuuliza analala chumba kimoja na nani.